Kichwa cha Mkwe

Kwetu mtu hamgusi mkwe wake. Tuanze hapo, maana wageni wanaokuja Kolwezi kufuata shaba na kobalti hucheka wanapomwona mama mtu mzima anaruka mtaro na kujibanza nyuma ya kibanda cha kuuza vocha, kisa kuna kijana anakuja na pikipiki. Kijana yule kamwoa binti yake. Hiyo ndiyo buko, na buko haina mzaha. Mama mkwe hamtazami mkwe usoni, hamwiti jina, hali naye sahani moja, na kichwa chake ndiyo kabisa, heri ashike kaa la moto. Siku mama akishampikia mkwe chakula rasmi cha kumkaribisha, haya inapungua kidogo. Kabla ya hapo kila mmoja ana upande wake wa barabara.

Mama Ndaya aliishika buko kuliko wengi. Ni muuguzi wa kituo cha afya cha mtaa wetu, mwanamke wa kanisa, baba yake alishuka kutoka Malemba enzi za treni na hakurudi tena. Amezalisha nusu ya watoto wanaotupigia kelele hapa, na mwili wa mtu haumtishi. Mwanamke akija kujifungua halafu akabana magoti, Mama Ndaya humwambia, "Muficha uchi hazai, mama," na magoti hufunguka. Lakini tangu binti yake Abigaëlle aolewe na Kyungu, mama huyo huyo akisikia mlio wa pikipiki ya Kyungu alikuwa anakimbilia jikoni. Kyungu naye, ambaye alilelewa na nyanya mkali wa Kiluba, alikuwa anazima injini kwenye kona na kuisukuma pikipiki mbele ya nyumba ya wakwe, uso ameuelekeza ukuta wa jirani. Tulisema wawili hawa wanaheshimiana mpaka inachosha.

Kazi ya Kyungu ilikuwa kubeba abiria. Vijana wa kazi hiyo tunawaita bamanseba, yaani wajomba, sijui nani aliwapa cheo hicho, maana mjomba wa kweli hamdai mpwa wake nauli. Kila kiangazi wanashindana mbio za pikipiki kwenye vilima vya udongo wa mgodi wa zamani, upande wa Mutoshi. Anayeandaa ni Shafii, muuza vipuri, ambaye jamaa zake walikuja na malori kutoka Kasongo na ambaye kipaza sauti akikishika hakiachi hadi betri ife. Mwaka jana kijana mmoja alivunjika mfupa wa bega pale, wakambeba mabegani wakiimba. Safari hii wakubwa wa mji walimwambia Shafii kwamba bila muuguzi na ambulansi hakuna mbio.

Akamwendea Mama Ndaya. Mama Ndaya alikuwa amefundishwa na kampuni moja ya mgodi namna ya kumhudumia aliyeanguka kutoka juu: shingo kwanza, mengine yatafuata. Alikubali kwa sharti moja, kwamba kila kaske, yaani kofia ngumu ya mshindani, ipite mkononi mwake kabla ya mbio. Shafii alishangaa kidogo. Kwake yeye kaske ni kaske.

"Hapana, tata Shafii," Mama Ndaya alimwambia. "Kaske ikikamata kichwa muzuri, muntu akianguka mi nakamata kaske, na shingo inatulia. Ikiwa kubwa, nakamata kaske, kichwa inatembea ndani. Ile ni sawa na kufunika yai na sufuria."

Basi asubuhi ya mbio bamanseba walipanga mlongo, mstari mmoja mrefu, kila mmoja juu ya pikipiki yake, kaske kichwani, mkanda umefungwa chini ya kidevu. Mama Ndaya alipita mmoja mmoja. Alishika kaske kwa mikono miwili, akaitikisa kulia na kushoto, akaingiza kidole chini ya mkanda, akauliza, "Inacheza?" Kijana akajibu, "Haichezi, mama." Kama kichwa kilifuata kaske, alimpiga bega na kusogea. Wawili aliwatoa mlongoni, wakanuna, hakuwajali. Watu walianza kumwigiza kwa vicheko, "Inacheza? Inacheza?" na yeye mwenyewe akatabasamu. Kusema kweli alikuwa anaipenda kazi ile, na asubuhi ile ilimpendeza.

Mwisho wa mlongo alikaa mtu mwenye kaske ya manjano. Hakuhitaji kuona uso. Alimjua kwa mabega, kwa pikipiki, na kwa jinsi alivyokuwa ameukaza mgongo kama mtoto anayesubiri sindano. Mama Ndaya alisimama mbele ya kijana wa kabla yake, akatikisa kaske ya yule kijana mara ya pili bila sababu. Halafu akageuka, akaanza kurudi kwenye hema la huduma ya kwanza.

"Ule wa mwisho, umuangarie weye," alimwambia Dimitri, dereva wa ambulansi.

Dimitri ni mtu wa tumbo na wa moyo mzuri. Wakati ule alikuwa na kipande cha mbuzi wa kuchoma mdomoni na kingine mkononi. Alimwinulia Kyungu kidole gumba. Kyungu naye akainua chake. Hivyo ndivyo kaske ya manjano ilivyokaguliwa, na waliokuwa karibu waliona ni jambo la adabu. Mimi pia niliona ni adabu.

Mbio zikaanza. Vumbi la vilima vile ni la kijivu, linakaa kwenye meno, na baada ya mizunguko michache huwezi kumtofautisha mshindani na mwenzake ila kwa rangi ya kaske. Ya manjano ilikuwa mbele. Shafii alikuwa anapaza sauti kwamba mkwe wa Mama Ndaya anatia watu aibu leo, na wanawake wakapiga vigelegele, na Abigaëlle, ambaye alikuwa amesimama juu ya kreti ya bia ili aone, akafunika uso kwa furaha. Mama Ndaya hakutazama. Alikaa hemani akipanga bandeji ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Kyungu alianguka kwenye mteremko unaokabili hema. Gurudumu la nyuma liliteleza, pikipiki ikasimama wima, naye akarushwa juu ya usukani, akatua kwa kichwa na bega. Pikipiki ilibiringika peke yake hadi chini. Yeye alibaki pale pale chali, mguu mmoja umekunjika, na kaske ya manjano imetulia kwenye udongo.

Unajua tunavyofanya. Mtu akianguka tunakimbia wote, mmoja anavuta mkono, mwingine anamwaga maji, wa tatu anavua kofia ili apate hewa. Vijana walishafika, na mmoja alikuwa ameikamata ile kaske tayari kuichomoa kama anavyochomoa muhogo. Shafii akasema kwenye kipaza sauti, polepole, kwa sauti ambayo hatukumjua nayo, "Muache. Asimuguse muntu. Mama eko anakuya." Dimitri aliwasukuma kwa tumbo hadi wakaachia.

Lakini mama hakuwa anakuja. Alikuwa amesimama mlangoni mwa hema, mfuko wa dawa begani, na miguu imekataa. Uwanja mzima uliona. Mtu mwingine angesema ni woga, lakini mwanamke huyu amewahi kuzalisha kwa mwanga wa simu huku mvua ikiingia kupitia bati. Ilikuwa haya. Alikuwa anapima mbele ya watu wote kama anaweza kumgusa mume wa binti yake, na watu wote walikuwa wanapima naye. Kisha akatembea. Hakukimbia, alitembea, na hilo nalo lilimtafuna baadaye.

Alipiga magoti upande wa utosi wa Kyungu, mahali ambapo kijana hawezi kumwona, akaishika kaske kwa mikono yote miwili na kuibana kwa mapaja ili isisogee. Midomo yake ilikuwa inatikisika. Alimweleza Dimitri siku nyingine kwamba alikuwa anajiambia, hii ni plastiki, nimeshika plastiki, sijamgusa mtu. Hakusema neno kwa sauti, kwa sababu akisema Kyungu angemtambua. Alimwonyesha Dimitri kwa kidevu afungue kioo cha kaske na aulize yeye.

"Kyungu, unasikia mi?" Dimitri aliuliza.

"Minasikia."

"Usigeuze kichwa. Chezesha bidole ya miguu."

Viatu vilisogea, cha kulia kwanza, halafu cha kushoto. Watu wakashusha pumzi. Mikono nayo ilijikunja, wa kushoto kwa uvivu kidogo. Mpaka hapo mambo yalikuwa yanakwenda kama alivyofundishwa: kaske inabaki kichwani, mtu anawekwa juu ya ubao na kaske yake, hospitali ndiyo itaivua. Mama Ndaya alianza kuamini kwamba atamaliza kazi hii bila kumgusa mkwe wake.

Ndipo Dimitri, bila kufikiri, akauliza, "Mama Ndaya, nilete ubao sasa?"

Kyungu alisikia jina. Mama mkwe wake yuko hapa, na yeye amelala chali mbele yake, miguu wazi, mdomo umejaa damu. Akafanya kile ambacho kijana aliyelelewa vizuri hufanya. Aligeuza uso.

Mama Ndaya alikuwa ameikamata kaske imara, na kaske haikusogea hata kidogo. Ndani yake kichwa kiligeuka. Alitazama chini kwenye uwazi wa kioo, na mahali palipokuwa na pua akaona sikio.

Nimemwona mwanamke yule akipewa habari za msiba, na sijamwona na uso kama ule. Alielewa yote kwa mara moja. Kaske ilikuwa inacheza. Mikono yake ilikuwa imeshika ganda tupu, na shingo iliyokuwa ndani haikuwa imeshikwa na mtu. Kama angeitikisa asubuhi, mara moja tu, kulia na kushoto, angejua, na Kyungu angetolewa mlongoni akanune pamoja na wale wawili.

"Mukono," Kyungu alisema ndani. "Mukono ya kushoto inakufa." Halafu akaanza kukoroma. Alikuwa ameuma ulimi, damu imeingia kooni, na kila akivuta pumzi ilisikika inachemka.

"Kaske inatoka," Mama Ndaya alisema.

Kuvua kaske ya mtu aliyeumia shingo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa upande wa utosi, anapanua kaske kwa pembeni na kuivuta taratibu. Mwingine anakaa ubavuni, anaingiza mikono yake ndani, mmoja chini ya taya, mwingine nyuma ya kichwa, na yeye ndiye anayekibeba kichwa wakati kaske inapotoka. Anayevuta hagusi ngozi. Aliye ubavuni anashika uso wa mtu kwa viganja vyake, macho kwa macho.

"Weye ingiza mikono," alimwambia Dimitri. "Mi nitavuta."

Dimitri aliangalia mikono yake, ile minene ya kushika usukani. "Mama, mi nimevutaka tu. Ya kuingiza mikono sijafanyaka ata siku moja. Kichwa ikiniponyoka?"

Mama Ndaya aliinua macho akatafuta kwenye umati mtu yeyote, Mungu amsamehe, mtu yeyote ambaye amewahi kufanya kazi ile. Hakukuwa naye. Alichoona ni Abigaëlle, ambaye wanawake walikuwa wamemshika kiuno asijitupe juu ya mumewe. Binti alisema neno moja tu, "Mama."

Dimitri akainama karibu na sikio lake. "Mama Ndaya. Weye njo unasemaka kwa banamuke. Muficha uchi hazai."

Mama Ndaya alimchukia kwa neno lile. Alimchukia kabisa, kwa sababu wanawake wote aliowahi kuwaambia hivyo walikuwa wamelala miguu wazi na yeye alikuwa amesimama na nguo zake zote.

Walibadilishana. Dimitri alipokea kaske, na Mama Ndaya akasogea kwa magoti hadi ubavuni mwa mkwe wake. Hapo wanawake wa Kiluba waliokuwa karibu wakafanya jambo ambalo hakuna aliyeliagiza. Wakageuka, wakampa mgongo, mmoja baada ya mwingine, wakasimama bega kwa bega na kufungua vitenge vyao vikawa pazia. Hata sasa sijui kama walikuwa wanamsitiri au wanamsusa, na sidhani wao wenyewe walijua. Yeye aliona migongo tu.

Akainama juu ya uso wa Kyungu. Kijana akafumba macho, na misuli ya shingo yake ikajikaza. Alikuwa anataka kugeuka tena.

"Kyungu," alisema. Hakuwa amewahi kulitamka jina lile. "Usigeuke. Uniangarie."

"Mama, hapana."

"Uniangarie mu macho. Ukigeuka utakufa, na mutoto yangu ataniuliza."

Kyungu akafumbua macho. Mama Ndaya akakata mkanda kwa mkasi, akaingiza mkono mmoja chini ya taya na mwingine nyuma, akapita kwenye sponji iliyolegea hadi akaufikia ukosi. Kulikuwa na jasho, ndevu za jana, na nywele fupi za nyuma ambazo Abigaëlle humnyoa kila Jumamosi mlangoni. Alisikia vitu hivyo vyote kwa vidole vyake. Uso wake uliwaka kama aliyevuliwa nguo sokoni, na machozi ya aibu yalimdondoka juu ya kifua cha yule kijana, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Wote wawili walikuwa wanatazamana na wote wawili wangetoa chochote wasitazamane.

"Vuta," alimwambia Dimitri. "Pole. Panua. Pua, angaria pua. Pole."

Kaske ilitoka, na uzito wote wa kichwa ukaingia mikononi mwake. Watu hawajui kichwa ni kizito kiasi gani. Alivikita viwiko udongoni, na kichwa hakikusogea. Walimgeuza kwa pamoja, kichwa na mabega na kiuno kama gogo moja, yeye akihesabu kwa sauti, na damu ikamwagika kutoka mdomoni, na mkoromo ukaisha. Walimfunga kola ngumu ya shingo, ile wanayoiita minerve, wakamlaza juu ya ubao. Barabara ya kurudi mjini ina mashimo kama unavyoijua. Njia nzima Mama Ndaya alikishika kichwa kile kwa viganja, na hakuthubutu kutazama pembeni, maana aligundua kwamba akigeuza macho yake, Kyungu naye anataka kugeuka.

Picha za hospitali zilionyesha mfupa wa shingo umepata ufa. Uti wa mgongo ulikuwa umevimba lakini haukukatika. Daktari alisema kijana atatembea, na mkono wa kushoto utarudi kwa mazoezi na kwa subira, na akasema pia kwamba aliyeishika shingo ile alijua kazi yake.

Neno hilo likafika mtaani kabla ya jua kuzama. Shafii alilitangaza kwa kipaza sauti, na keshoye akalitangaza tena. Kanisani walimwombea. Wanawake walileta sukari na mafuta. Jamaa za Kyungu, ambao tulidhani watakuja na hasira, walikuja na kuku mweupe, kwa maana buko imevunjwa bila ubaya na haina kosa. Mama Ndaya alipokea kila kitu akiwa ameinamisha kichwa, na kadiri tulivyomsifu ndivyo alivyozidi kuinama. Kuku alimwachia atembee uani, hakumchinja. Tukaambizana kwamba maskini, bado anaona haya kwa kumshika mkwe.

Tulikuwa tumekosea. Kumshika alikuwa ameshamaliza kuona haya. Kilichomla ni kutomshika. Usiku na mchana alikuwa anaona ule mlongo wa pikipiki, na mtu wa mwisho, na mgongo wake mwenyewe ukiondoka. Aliyejua ni Dimitri peke yake, na Dimitri alinyamaza, maana naye alikuwa na kidole gumba chake cha kukumbuka. Mbuzi wa kuchoma ameacha tangu siku ile.

Mama Ndaya akaenda hospitali mchana, saa ya kuona wagonjwa, bila nguo zake za kazi. Nilikuwa nimempeleka mimi, kwa hiyo haya niliyaona. Abigaëlle alikuwa ameketi kitandani anamlisha mumewe uji kwa kijiko. Mama Ndaya alisimama mlangoni, mahali pake pa desturi. Kyungu alimwona. Shingo imefungwa, haigeuki, kitanda kinaelekea mlango. Akafanya kitu pekee kilichobaki cha heshima. Akafumba macho.

"Mi nimekuya kusema kintu," Mama Ndaya alisema, akitazama sakafu. "Ile asubui niliangaria kaske ya kila muntu. Yako hapana. Nilikuruka. Niliona haya mbele ya bantu. Banasema mi nilikuponyesha. Mi njo nilikuangusha."

Kijiko cha Abigaëlle kilisimama hewani.

Kyungu alipojibu, macho yalikuwa bado yamefumbwa. "Mama, mi nilijua. Ile kaske ni ya yaya yangu, ndugu yangu mukubwa, kichwa yake njo kubwa. Yangu ilipasuka. Nilikaa ku mwisho ya mulongo ili musinifikie." Akaongeza, "Nilipoona munageuka, nilifurahi. Nilisema mama ananiheshimu."

Abigaëlle aliweka bakuli chini ya kitanda, polepole, kama mtu anayeogopa kulivunja.

"Ulifurahi," alimwambia mumewe. Halafu akamgeukia mama yake. "Na weye uliona haya. Muzuri. Bote mbili muko bantu ya heshima. Na mi ningelala na nani, mama? Na heshima?"

Alitoka nje. Tulimsikia anapiga hatua ukumbini, kisha tukasikia zimesimama karibu na dirisha. Mama Ndaya hakumfuata. Nilidhani atatoka pia, arudi nyumbani kwa kuku wake, na kama angefanya hivyo nisingemlaumu, maana hata mimi nilikuwa natafuta pa kuweka macho. Nami nilikuwepo asubuhi ile. Niliona kidole gumba, na nikaona ni adabu.

Mama Ndaya akaingia. Akakipita kizingiti, akazunguka kitanda hadi ubavuni, akainama juu ya mkwe wake. Akaingiza kidole kati ya kola na ngozi ya shingo, kushoto, kulia, chini ya kidevu. Kisha akaishika kola kwa mikono miwili na kuitikisa kidogo.

"Inacheza?" aliuliza.

Kyungu akafumbua macho, akamtazama.

"Haichezi, mama," alisema.